Maswali ya Wasomaji: Namba za Moyo na Mkono Ulioshika Kipimo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili hapa Dodoma, na shahada yangu ya kwanza ni ya uhandisi wa elektroniki. Msimamizi wangu amenipa utafiti wa kuunda modeli ya kompyuta inayoonyesha jinsi damu inavyopita katika vali ya moyo iliyokakamaa na kubana. Huu ni mwezi wa nne nimekaa na milinganyo na takwimu nilizopewa katika faili, sijamwona mgonjwa hata mmoja, na wenzangu wanaotengeneza vifaa vya kushikika wananiambia kwamba kazi yangu itaishia kwenye makaratasi. Je, nibadilishe mada mapema, au niendelee? – Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma.

JIBU: Ndugu yangu, endelea na mada hiyo, lakini kabla hujaandika mstari mwingine wa programu, mwombe msimamizi wako akutafutie ruhusa ya kukaa asubuhi kadhaa katika chumba cha eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Takwimu zilizomo katika faili lako zilipatikana kwa mtu kushika kipimo juu ya kifua cha mgonjwa, na usipojua mkono ule ulivyofanya kazi, hutajua namba zipi uziamini.

Chukua mfano huu. Mashine ya eko hupima kasi ya damu kwa mawimbi ya sauti, kisha hukadiria tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za vali kwa kanuni fupi: kasi huzidishwa kwa yenyewe, na jibu huzidishwa kwa 4. Damu ikipita kwa mita 2 kwa sekunde, tofauti hiyo ni milimita 16 za zebaki. Lakini mawimbi yakielekezwa kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka kwenye mkondo wa damu, mashine itasoma takriban mita 1.73 kwa sekunde, na tofauti ya shinikizo itashuka hadi 12. Robo nzima ya kipimo imepotea kwa sababu ya mkao wa mkono tu, pengine kwa kuwa mgonjwa alikuwa anahema na hakuweza kulala ubavu wa kushoto kama alivyoelekezwa. Modeli yako itaipokea ile 12 bila kuuliza, nawe utatafuta kosa katika milinganyo ambayo haina kosa.

Hapo Dodoma huna haja ya kwenda mbali. Hospitali ya Benjamin Mkapa ni jirani wa Chuo Kikuu cha Dodoma, na inatoa huduma za moyo ikiwa ni pamoja na maabara ya katheta, ambamo mrija mwembamba hupitishwa katika mshipa wa damu hadi moyoni na shinikizo hupimwa humo humo ndani. Fuata utaratibu wa kibali cha maadili ya utafiti tangu mwanzo, na usibebe kamwe jina la mgonjwa kwenye flashi yako. Ukiwa chumbani, kaa kimya na utazame. Maswali yako mweke mtaalamu baada ya mgonjwa kutoka.

Kuhusu maneno ya wenzako, naomba nikae hapo kidogo, kwa sababu jambo hili linaniuma. Wagonjwa wengi wa vali katika nchi yetu ni vijana, na wengi wao walianza na maumivu ya koo utotoni, yale ambayo nyumbani huitwa mafindofindo, yaliyosababishwa na bakteria wa streptokokasi na hayakutibiwa ipasavyo, yakafuatiwa na homa ya baridi yabisi iliyoacha makovu kwenye vali. Mwaka 2002 daktari Alain Cribier wa Rouen, Ufaransa, alimpandikizia mtu kwa mara ya kwanza vali mpya ya aota, ile iliyo kwenye mlango wa mshipa mkuu wa damu, kwa njia ya mrija, bila kupasua kifua. Ni maendeleo makubwa, lakini vali za aina hiyo zilikusudiwa hasa wazee ambao vali zao zimejaa chokaa, yaani kalisi iliyogandamana, na chokaa hiyo ndiyo husaidia kuishikilia vali mpya isihame. Vali ya kijana aliyeugua homa ya baridi yabisi mara nyingi haina chokaa ya kutosha kufanya kazi hiyo. Vali ya chuma nayo hudumu miaka mingi, ila humlazimu mgonjwa kunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote na kupimwa mara kwa mara namna damu yake inavyoganda, jambo ambalo si jepesi kwa mkulima wa Mpwapwa au mama mwenye mimba kijijini Bahi. Mtu anayetaka kubuni vali itakayowafaa hawa lazima kwanza ajue damu inavyopita katika vali zao, nayo ndiyo kazi uliyopewa.

Kama kompyuta yako haina nguvu, anza na modeli ndogo ya mwanafiziolojia Mjerumani Otto Frank ya mwaka 1899. Inauchukulia mshipa mkuu wa damu kama tunavyolitumia simtank wakati wa mgao: maji huja kwa vipindi, lakini bombani hutiririka muda wote. Tofauti ni kwamba mshipa hufanya hivyo kwa kutanuka na kunywea. Kompyuta mpakato ya kawaida inaitosha. Ukishaielewa, nenda kwenye programu za bure kama SimVascular.

SWALI: Binti yangu amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu ng'ambo, katika uhandisi wa moyo na mishipa ya damu. Hapa kijijini wameshaanza kumwita daktari wa moyo. Je, atakuja kutibu watu? – Mzazi, Kondoa.

JIBU: Mzee wangu, hongera kwa malezi. Akihitimu ataitwa Daktari kwa heshima ya elimu yake, lakini shahada hiyo haitampa ruhusa ya kumtibu mgonjwa. Atachunguza na kubuni vifaa ambavyo madaktari huvitumia, na akirudi anaweza kufundisha chuoni, kufanya kazi hospitalini au kukagua ubora wa vifaa tiba katika mamlaka inayovisimamia, TMDA. Majirani watakaokuja na vyeti vyao vya hospitali wakimtafuta, tafadhali waelekezeni kliniki ya moyo mapema, wasimsubiri yeye.