Wadogo zangu wa maabara, kile chungu msikioshe

Jana mmoja wenu kaniletea ndoo ya magugu maji kutoka mwaloni. "Dada, nimepata kangaga la majini!" Kangaga halitoi maua, na hapo ua la zambarau linamtazama, naye anatabasamu. Haya, tuanze upya.

1. Mnachotafuta ziwani ni azolla, kangaga la majini lenye vijani vidogo vinavyoelea, ambavyo jua likivichoma huwa vyekundu. Si mwani.

2. Vidoa vya kahawia chini ya jani la kangaga ni sori, yaani mafungu ya vifuko vya spora, chembe za uzazi za kangaga; si ugonjwa wala mayai ya mdudu. Laza jani kwenye karatasi nyeupe, sori zikitazama chini, spora zitadondoka usiku. Na feni mzime. Joto la Mwanza nalijua, na ninyi nawajua.

3. Hapa ndipo paniumapo. Nikiwa mgeni kazini, mwalimu mmoja alipanda spora juu ya kipande cha tofali, akakifunika nailoni, wiki nenda rudi akikinyunyizia maji yaliyochemshwa yakapoa. Tukaambiwa wakaguzi wanakuja. Mimi, mchapakazi, nikaona tofali limeota ukoga. Nikalipiga brashi ya waya na sabuni ya unga, nikalianika juani, nikajisifu kimoyomoyo.

Asubuhi akauliza taratibu: "Prothali zangu ziko wapi?"

"Nimeshaosha, mwalimu."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alivuta stuli akanichorea kimoyo cha kijani kisichofika ukubwa wa ukucha, kinachoota kutoka kwenye spora: hiyo ndiyo prothali, yaani gametofiti, seti moja ya kromosomu, inajitengenezea chakula yenyewe. Tumboni kwake, karibu na bonde la moyo, arkegonia zenye mayai; kule kwenye vijizizi, anteridia zenye mbegu za kiume. Mbegu hizo zina mikia mingi, na bila utando wa maji haziogelei kufika kwenye yai. Jioni iliyotangulia alikuwa amezimwagia maji kwa ajili hiyo. Yaani nilifagia harusi, bwana na bibi harusi wote ndani. Kidato cha Tano walichora sporofiti peke yake, yaani kangaga lenyewe lenye majani, na ubaoni akaandika: "Gametofiti: imeoshwa." Wakaguzi wenyewe hawakutokea.

4. Azolla na selajinela, mmea mwingine wa spora, zina spora za aina mbili: kubwa za kike na ndogo za kiume. Msiniandikie hadithi ya kimoyo kila mahali.

5. Sporanjia, kile kifuko cha spora, ikikauka chini ya taa ya hadubini hufyatuka na kurusha spora. Aliyepiga kelele juzi akavunja slaidi mbili, atazilipa.

6. Chungu cha spora pale dirishani kina wiki ya sita. Uliyeniuliza kama ukisugue, zamu ya kunyunyizia leo ni yako. Brashi ya waya nimeifungia kabatini.