Msimamizi kwanza, ada ya maombi baadaye

Ndugu yangu, umeuliza kama ulipe ada ya maombi ya uzamivu sasa na kumtafuta msimamizi baadaye, kwa kuwa unayo shahada ya uzamili ya masuala ya uvuvi na hutaki kuhama Mombasa. Kwa maoni yangu, anza na msimamizi. Mimi nililipa kwanza, nikapangiwa mtu ambaye fani yake haikukaribia yangu, na takriban mwaka mzima ukapita tukirekebisha ukurasa ule ule wa kwanza wa pendekezo la utafiti.

Soma makala mbili tatu za mhadhiri unayemtaka, kisha mwandikie barua pepe fupi yenye swali mahususi. "Uvuvi wa Pwani" si swali, ni bahari nzima; lakini ukiuliza kwa nini wavuvi wa malema, ile mitego ya kusuka, wa Mtwapa hubaki upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe hata pepo za kusi zikiisha na maji kutulia, atajua mara moja kama anaweza kukuongoza.

Kuhusu chuo, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, vyote vilivyopata hati mwaka 2013, viko karibu nawe, basi vitazame kabla ya Nairobi. Usisahau kwamba kabla ya kumhoji mvuvi yeyote utahitaji idhini ya kamati ya maadili pamoja na kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya serikali inayosimamia utafiti nchini Kenya, na hayo huchukua muda. Yaweke kwenye ratiba yako mapema.