Maswali ya Wasomaji: Bastola ya Kujilinda na Hewa ya Chumvi

SWALI: Nina duka la jumla Kongowea, na hufunga saa nne usiku nikiwa na mauzo ya siku nzima. Ombi langu la cheti cha silaha limekubaliwa. Muuzaji ameniwekea tatu mezani: rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya .38, yaani kipimo cha risasi, ya risasi 5, Glock 19, na CZ 75. Nichukue ipi?
Mfanyabiashara, Kongowea

JIBU: Anza na kiganja chako, jina la kiwanda lije baadaye. Hakikisha kwanza bastola haina kitu: magazini (kibebeo cha risasi kilicho ndani ya mpini) nje, slaidi (chuma cha juu kinachosogea) nyuma, chemba (tundu risasi inapokaa) itazamwe kwa jicho na iguswe kwa kidole. Kisha ishike kana kwamba unalenga, mtutu ukiwa mstari mmoja na mfupa wa mkono. Kidole cha shahada kinatakiwa kikae juu ya kifyatuo kwa nyama ya pingili ya kwanza, katikati. Kikifika kwa ncha tu, mpini ni mnene kwako, na kila risasi utaisukuma kando bila kujua. Ikibidi uuzungushe mpini kiganjani ndipo kidole kifike, iache hapo hapo mezani. Cheti kinachotolewa chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hutaja aina ya silaha na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo, kwa hivyo ukikosea leo utarudi kwenye makaratasi kesho.

Rivolva husifiwa kuwa ya wanaoanza. Hatukubaliani. Sifa yake ya kweli ni moja: risasi ikilala, yaani ikikataa kulipuka, unavuta kifyatuo tena na chemba nyingine inajileta yenyewe. Lakini kuvuta huko ni kama kilo 5 kwa kila risasi, mtutu ni mfupi, vilengeo ni vidogo, na baada ya risasi 5 unajaza moja moja kwa vidole vinavyotetemeka. Ndiyo inayodai mazoezi mengi kuliko zote tatu.

CZ 75 ni chuma kitupu, karibu kilo 1, na uzito huo hulimeza teke, ule mrudi wa bastola inapofyatuka. Nyundo ikiwa chini, risasi ya kwanza hutoka kwa mvuto mzito na zinazofuata kwa mvuto mwepesi. Mtu asiyeizoea hupiga ya kwanza chini na ya pili kabla hajawa tayari. Glock 19 ina mtutu wa milimita 102, magazini ya risasi 15, uzito wa gramu 600 hivi bila magazini, na mvuto ni ule ule mwanzo hadi mwisho, kama kilo 2.5. Haina kitufe cha usalama cha kubonyezwa kwa kidole gumba. Chochote kitakachoingia kwenye kifyatuo, iwe kidole au pindo la shati, kitailipua.

Kwa mtu wa kufunga duka na kwenda nyumbani kila usiku, sisi tungechukua bastola ya ukubwa wa Glock 19, ya milimita 9, mradi jaribio la kiganja limekubali. Risasi ya milimita 9 yenye uzito wa gramu 7.5 hadi 8 inatosha kazi hii, na teke lake linamruhusu mtu wa kawaida kupiga ya pili mahali alipokusudia. Usishawishike na .22 kwa sababu ni pole: fataki yake, kile kiwashio cha baruti, imo kwenye ukingo wa ganda, na risasi za namna hiyo hulala mara nyingi zaidi.

Bastola mpya usiitegemee kabla haijapiga risasi 200 kwenye uwanja wa shabaha, angalau 50 zikiwa za aina ile ile utakayobeba. Na popote utakapokuwa, ikae mwilini au ndani ya sefu. Chini ya kaunta si mahali pake. Wapagazi wataijua ilipo ndani ya siku tatu.

SWALI: Nimestaafu, vidole vina baridi yabisi, na slaidi inanishinda kuvuta. Mwanangu asema nichukue bastola ndogo kabisa, itakaa mkobani.
Bi wa Tudor

JIBU: Shikamoo, mama. Mwanao anakutakia mema, ila hapa amekosea. Bastola inavyozidi kuwa ndogo, slaidi yake huwa nyepesi, na fundi hulazimika kuiwekea springi ngumu zaidi ili kuizuia. Basi ndogo ndiyo ngumu kuvuta, na teke lake ni kali kwa sababu haina uzito wa kulipunguza wala mpini wa kujaza kiganja.

Jaribu hivi kabla ya kukata tamaa. Ilete bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea mbele palipo salama, kidole nje ya kifyatuo. Shika slaidi kwa kiganja kizima kutoka juu, vidole vinne upande mmoja na kitako cha kiganja upande wa pili. Sasa mkono wa mpini usukume mbele kwa nguvu huku ule wa juu ukivuta nyuma. Kazi inafanywa na mabega, vidole vinapumzika. Wengi waliokuwa wakibana slaidi kwa ncha za vidole viwili hufaulu kwa njia hii siku ya kwanza. Ikishindikana, ziko bastola za .380 zilizoundwa kwa ajili ya mikono kama yako, mfano Smith & Wesson M&P380 Shield EZ ya risasi 8. Risasi ya .380 ni dhaifu kuliko ya milimita 9, lakini unayoweza kuiendesha ni bora kuliko inayokushinda.

Angalia pia kifundo cha mkono. Kikilegea, bastola nzima hurudi nyuma pamoja na slaidi, slaidi haifiki mwisho wa safari yake, na ganda tupu hunasa wima kwenye tundu la kutokea maganda. Ikitokea hivyo, kidole nje ya kifyatuo, piga kitako cha magazini kwa kiganja, vuta slaidi kwa nguvu hadi mwisho na uiachilie, kisha lenga upya.

Na mkoba, hapana. Mnyang'anyi juu ya pikipiki hunyakua mkoba akidhani kuna simu. Akikuta bastola, utakuwa umempa silaha.

SWALI: Nakaa Nyali, upepo wa bahari unaingia ndani. Bastola imekaa sefuni wiki tatu tu, na nimekuta madoa mekundu kwenye slaidi. Si ni chuma kizuri?
Msomaji, Nyali

JIBU: Chuma ni kizuri, adui ni chumvi. Pwani yetu hewa hubeba chumvi na unyevu mwaka mzima, na masika huzidisha. Chumvi ikitua juu ya chuma huvuta maji na kuyashika, hata pale unapoona pakavu. Jasho ni chumvi ile ile.

Rangi ya samawati nyeusi ya bastola za zamani ni ngozi nyembamba sana, hapa petu haihimili. Ukinunua, tafuta chuma kilichotiwa naitrojeni, kama slaidi za Glock, au chuma kisichoshika kutu kirahisi. Hata hicho, skrubu, pini na springi zake hushika, kwa hivyo usijisahau.

Unapoibeba, ifute kila jioni kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa chenye mafuta ya bunduki, tabaka jembamba mno, kama alama ya kidole. Mafuta mengi hunasa vumbi na nyuzi za nguo, yakawa uji. Mafuta ya nazi hapana kabisa, yanachacha na kuganda kwenye springi. Ya cherehani yanaweza kukuvusha siku chache. Mafuta mepesi ya kupuliza yasifike kwenye risasi, kwa maana hupenya hadi kwenye fataki, na risasi hiyo italala siku unayoihitaji.

Ndani ya sefu, kosa la kawaida ni kuiacha bastola kwenye ala ya ngozi. Ngozi hunywa jasho na kulitoa polepole juu ya chuma. Itoe, ilaze peke yake, weka pakiti ya silika, zile chembe za kunyonya unyevu, ya gramu 200. Zile chembe za buluu zikigeuka pinki zimeshiba. Zikaushe kwenye oveni, nyuzi 110 hadi 120, kama saa mbili, zitarudi buluu. Madoa uliyonayo yasugue kwa mafuta na kipande cha kitambaa kigumu, bila msasa.

Sefu yenyewe ifungwe isihamishwe. Nyumba nyingi za Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na bolti ya kutanuka ndani ya jiwe laini hivyo hulegea na kubomoa tundu. Ifunge kwenye zege la sakafu au nguzo, bolti nne za milimita 10 au 12. Ikiwa una watoto nyumbani na sefu bado haijafungwa, bastola isubiri. Sheria yenyewe inakuamuru uihifadhi salama wakati wote.

SWALI: Rafiki anahama, ananiuzia yake. Tupeane tu?
Changamwe

JIBU: Hapana. Kumiliki silaha bila cheti chako mwenyewe ni jinai hata kama yeye anacho. Pitieni kwa muuzaji aliyesajiliwa na ofisi ya leseni. Wakati wa kukagua, chungulia mtutu ukielekezwa kwenye mwanga, baada ya kuhakikisha haina kitu. Vidonda vidogo vyeusi ndani ni kutu iliyokula, haitengenezeki.

SWALI: Jamaa akininyang'anya simu na kukimbia, nina haki ya kumpiga risasi?
Likoni

JIBU: Huna. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinapima nguvu za kujitetea kwa misingi ya sheria ya Uingereza: lazima iwe hatari iliyopo, na nguvu zilingane nayo. Mgongo unaokukimbia hauna hatari kwako. Akija na panga usoni mwako hilo ni jambo jingine, na hata hapo angalia nyuma yake kuna nani, kwani risasi ya milimita 9 hupita mabati na mbao kama karatasi. Ikishatokea, irudishe bastola kwenye ala, piga 999 au 112, usiokote maganda wala kuhamisha kitu, na polisi wakifika mikono iwe wazi, uwaambie kwa mdomo ilipo silaha kabla hawajakufikia.