Wathamini Wanakuja Alhamisi, Daftari Lako Liko Wapi?

Juzi msomaji mmoja wa Bagamoyo amenitumia picha ya ukuta wa nyumba yake, umepigwa X nyekundu, alama kwamba eneo linatwaliwa kupisha mradi. Chini kaandika: "Wakili, wathamini wanakuja Alhamisi. Nisaini?" Usiku ule usingizi ulinipaa. Ukuta ule ulinirudisha kwa mama mmoja niliyemsimamia nikiwa na miaka miwili tu tangu niapishwe uwakili.

Mama yule alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu kando ya barabara, minazi, na banda la mama ntilie lililosomesha watoto wanne. Mradi ulipopita, mimi nilijiona mjuzi. Nilibishania bei ya ardhi mpaka koo likakauka. Nikataja Ibara ya 24 ya Katiba, nikataja hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1994 katika shauri la Akonaay, iliyosema kwamba hata ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Bei ikapanda kidogo. Mama akasaini, akalipwa, akahama.

Miezi michache baadaye akaja ofisini kunisalimia, kauntabuku iko ndani ya mfuko wa rambo. Ameandika kwa peni ya bluu, siku kwa siku, miaka sita: unga, mafuta, mkaa, mauzo, kilichobaki. Kanuni za fidia za 2001 zinampa mwenye biashara faida halisi ya mwezi mmoja mara 36. Mara thelathini na sita! Kwenye fomu ya uthamini, banda lake lilihesabiwa nguzo na mabati basi. Sikuwa nimemuuliza kama anaweka hesabu. Nilishindwa kumtazama usoni, na mpaka leo nikipita barabara ile naumia.

Baada ya hapo nimeshinda mengi, namshukuru Mungu. Mwaka huu familia kadhaa ninazozisimamia zimefanyiwa uthamini upya, kwa kuwa ule wa kwanza ulipitisha miaka 2 bila fidia kulipwa, na kwa Sheria ya Uthamini ya 2016 ukifika hapo hauna nguvu tena. Watu walishakata tamaa, wengine walishaacha hata kupalilia. Kazi ile najivunia.

Lakini ndugu zangu, kwa nini tunasubiri X ndipo tutafute karatasi? Andikeni hesabu leo. Pigeni picha kila mti, kila kaburi, kila kisima. Siku ya uthamini uwepo mwenyewe, usimwachie shemeji wala mpangaji. Fomu yenye nafasi tupu usiisaini, hata mwenyekiti wa mtaa akikuharakisha. Uliza posho ya usumbufu. Kama unaishi hapo, uliza posho ya makazi, ambayo ni kodi ya pango ya miezi 36, na ya usafiri, yaani gharama ya kuhamisha mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20. Ardhi ikishatwaliwa na miezi 6 ikapita hujalipwa, dai riba. Na hesabu, narudia, andikeni hesabu! Hakuna wakili atakayekutungia faida ambayo hukuiandika.

Ndugu wa Bagamoyo, nimekupigia mara mbili hupokei. Kwenye picha yako, pembeni ya ile X, naona vyerehani viwili barazani na nguo zimetundikwa. Ni vya nani, na hesabu zake ziko wapi? Nijibu kabla ya Alhamisi.