Jibu: Kitufe cha Copilot kwenye Word kimepauka

Ndugu, umesema Word ya hapo saiba yako Ngara inafunguka vizuri, ila kitufe cha Copilot (msaidizi wa akili bandia wa Microsoft) cha kuandika upya aya kimepauka, hakibonyezeki. Kabla ya kulaumu bando: hiyo Microsoft 365, yaani huduma ya kulipia inayokuja na Word, imelipiwa na nani? Kama ni mpango wa Family mnaochangia, Copilot ni ya mwenye akaunti aliyelipia peke yake. Ninyi wengine mnapata Word, akili bandia hampati, na hapo fundi hana la kufanya.

Kama mlipaji ni wewe, ingia File, Account, kisha Manage Settings kwenye sehemu ya faragha. Tia tiki panaporuhusu Word kuchanganua maandishi yako. Mafundi wengine hupazima wakidhani wanaokoa data. Funga programu zote za Office, si Word tu, halafu fungua upya. Bado? Rudi Account ubonyeze Update License.

Copilot ikishakubali, ipe aya moja moja. Na zile barua za wateja za mashamba, linganisha namba ya ploti na kiasi cha pesa na nakala ya kwanza kabla ya kuprinti, kwani inaweza kuzibadilisha huku sentensi ikisomeka vizuri kabisa.