Kodi ya nyumba iliyokwama kwenye neno "table"

Barua pepe yenyewe niliiandika mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Tulikuwa na mradi wa kuwahoji wafanyabiashara wadogo wa Kawangware na Kayole. Sisi tuko hapa Nairobi, wafadhili wako Chicago. Bajeti ya awamu ya pili ilikuwa tayari, imebaki kuidhinishwa tu. Jumatatu nikawaandikia kwa Kiingereza kile kile nilichofunzwa tangu shule ya msingi: "We will table the budget on Thursday." Maana yangu ilikuwa kwamba Alhamisi tutaileta bajeti mkutanoni, tuijadili, tuipitishe. Nikaituma, nikashuka kibandani kula chapati na madondo.

Alhamisi ikafika. Saa kumi alasiri yetu, saa mbili asubuhi yao, tukaingia kwenye mkutano wa video. Mhasibu wao mkuu, ambaye bila sahihi yake hata shilingi haitoki, hayupo. Nikasema tuanze na bajeti. Kimya. Kisha mmoja wao, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, akauliza: si mlituambia mmeiahirisha? Nikamwambia hapana, tulisema tutaijadili leo. Akaisoma barua yangu kwa sauti. Nami nikaisoma tena kwa sauti, nikilikazia neno lile kana kwamba mkazo utamzindua. Sentensi ni moja, na kila upande unaitoa kuwa ushahidi wake.

Mhasibu alikuwa amesafiri, akijua hakuna haraka. Vijana wetu wa kuhoji walilipwa wiki mbili baadaye. Mmoja alinipigia simu mara tatu kwa sababu ya kodi ya nyumba, na sikujua nimwelezeje kwamba kodi yake imekwama kwenye kitenzi.

Sasa, kisa cha neno lenyewe. Kenya tulirithi taratibu za bunge kutoka kwa Waingereza. Kwao, ndani ya ukumbi kuna meza halisi, na hati ikishawekwa juu yake imefika rasmi mbele ya wabunge. Ndiyo maana magazeti yetu ya Kiingereza hulitumia neno hilo kila kamati inapoleta ripoti bungeni. Hata Watanzania, wanaoendesha bunge lao kwa Kiswahili, wana kipengele cha "hati za kuwasilisha mezani". Picha ni ile ile: kitu kiko mezani, njooni tukitazame.

Wamarekani nao wana meza, ila yao ni ya kuwekea kitu ambacho hakitakiwi kwa sasa. Mhandisi wa jeshi lao, Henry Robert, alichapisha kanuni za mikutano mwaka 1876, na mpaka leo vyama vingi huko vinazifuata. Katika kanuni hizo, kuweka hoja mezani ni kuisimamisha kwanza ili mkutano ushughulikie jambo lingine la haraka. Katika Baraza la Wawakilishi la Marekani mambo ni makali zaidi. Wakishapiga kura ya kuiweka hoja mezani, hoja hiyo imezikwa.

Nilifarijika nilipojua kwamba wakubwa nao walinaswa. Winston Churchill alisimulia jinsi maofisa wa Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, walivyotaka kuleta waraka wa dharura mbele ya wenzao Wamarekani, wakatumia neno hili hili. Wamarekani wakakataa: jambo zito namna hii mnataka kulifungia kabatini? Wakabishana kwa muda mrefu, tena kwa ukali, kabla ya kugundua kwamba wote wanataka kitu kimoja. Wao walikuwa na vita. Mimi nilikuwa na bajeti ya nauli na maji ya chupa.

Basi mimi hufanyaje siku hizi? Barua ikiwa inaenda nje ya Kenya, neno hilo silitumii kabisa. Naandika "discuss" nikitaka kujadili, "submit" nikitaka kuwasilisha, "postpone" nikitaka kuahirisha. Ni maneno ya darasa la sita, na hayajawahi kunichelewesha. Hata hapa mjini usijiamini sana. Ukiwa kwenye kikao Gigiri, mtaa wa ofisi za Umoja wa Mataifa na balozi, Mwingereza, Mmarekani na Mkenya wanaweza kuwa wameketi upande mmoja wa meza, kila mmoja na meza yake kichwani.

Ukilipokea neno hilo kutoka kwa mtu mwingine, tazama linaandamana na nini. Likifuatwa na "until" na siku fulani, jambo limesogezwa mbele. Likifuatwa na "before" na jina la kamati, limeletwa. Likisimama peke yake, kama langu, uliza. Na usiulize kama mmeelewana, kwa sababu kila mtu atajibu ndiyo. Uliza hivi: "Kwa hiyo Alhamisi tunaijadili, au tunaiacha?" Wenzangu ofisini walidhani swali hilo litanifanya nionekane sijui Kiingereza. Afadhali hivyo kuliko kupigiwa simu ya kodi.

Wako pia watakaokuambia kwamba Wamarekani ndio wamekosea. Mimi sioni hivyo, lakini pia sioni sababu ya sisi kuiga matumizi yao hapa nyumbani. Mwanafunzi anayeandika insha ya Kiingereza kuhusu Bunge letu, au karani anayeandika kumbukumbu za kikao cha kaunti, aendelee na maana yetu bila wasiwasi. Shida huanza barua inapovuka bahari.

Juzi katibu wa chama chetu cha mtaani aliandika kwenye WhatsApp kwamba suala la faini kwa wanaochelewesha michango "will be tabled" Jumapili. Sikumsahihisha. Wote tulijua tunaenda kugombana, na wachelewaji wenyewe ndio waliofika wa kwanza.