Unataka kuizunguka Mombasa kwa miguu siku moja? Anza kabla jua halijachoma

Wageni wangu wa bara wakija Mombasa huja na orodha kwenye simu, Fort Jesus, pembe za Moi Avenue, feri ya Likoni, bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, soko la Marikiti, alafu wananiuliza tuanze wapi. Mi huwauliza kwanza kesho mtaamka saa ngapi. Kwa mtu anayetembea kwa miguu huu mji unaendeshwa na jua, na ukilikosea jua hapo asubuhi basi siku nzima imeharibika.

Nasema hivo kwa sababu nliwahi kumtembeza shangazi yangu mwezi wa Desemba, tukatoka nyumbani saa tano na nusu baada ya chai ndefu na maongezi, na mi nikajiambia Mji wa Kale si mkubwa, tutamaliza haraka. Kufika katikati ya Ndia Kuu shangazi akanyamaza. Mtu anayeongea sana akinyamaza ghafla juani usipuuze. Akakaa kwenye baraza ya nyumba ya watu, uso umembadilika, mikono inatetemeka, na chupa yetu ya maji ilikua ishaisha. Bibi mmoja akafungua mlango wala hakuuliza sisi ni nani, akaleta maji ya ndimu yenye chumvi na sukari, akamvua mtandio shangazi akampepea kwa kipepeo cha ukili, alafu akanigeukia mimi. Akaniambia, mwanangu, saa hizi hata paka wamelala, wewe unamzungusha mtu mzima wapi? Nliona aibu mpaka leo nikipita pale nasimama kumsalimia.

Kwa hivo sasa ratiba yangu iko hivi, na nimeifanya mara nyingi na watoto, wazee, hata na mama mjamzito (yeye tulimkatia nusu).

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe ushasimama mbele ya Fort Jesus. Ngome yenyewe bado imefungwa, usijali, utairudia. Ingia Mbarak Hinawy Road pembeni yake, wakati barabara ni baridi na majumba ya pande zote mbili bado yanakupa kivuli. Hapa tembea polepole sana. Angalia milango, ile ya mbao iliyochongwa maua na minyororo kwenye fremu, na usiangalie tu mlango mzima, sogea karibu uone patasi ilivyopita, kuna mahali utaona ua moja halifanani na mwenzake kwa sababu ni mkono wa mtu uliofanya. Alafu inua kichwa uone roshani za mbao. Mbele kidogo kuna Msikiti wa Mandhry wenye mnara mweupe uliochongoka, unahesabiwa kuwa ni wa tangu 1570, yani ulikua pale hata kabla Wareno hawajajenga ngome yao, na mpaka leo watu wanaswali ndani. Kama unataka kuingia omba ruhusa kwa heshima, na uwe umevaa nguo za kusitiri.

Ukiendelea utatokea Government Square na Bandari ya Kale. Zamani majahazi yalikuja hapa na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakasubiri upepo ugeuke uwe kusi ndio yarudi. Leo vyombo ni vichache lakini harufu ya samaki na ya bahari iko palepale. Ukitaka kupiga picha upande wa bandarini uliza kwanza, usitoe simu tu. Karibu na hapo ziko ngazi za Leven zinazoshuka mpaka majini, zimebeba jina la meli ya Kiingereza ya Kapteni Owen aliyefika hapa 1824. Kaa juu ya ngazi dakika kumi, hakuna kitu cha kufanya pale isipokua kusikiliza maji.

Nikuombe kitu kimoja kuhusu Mji wa Kale. Watu wanaishi pale. Yale mabaraza unayoyaona mazuri kwenye picha ni sebule ya mtu, yule mzee aliyekaa na kikoi yuko kwake. Salimia. Asalam alaykum, shikamoo, hujambo, yoyote ile, lakini usipite na kamera kama unapita mbele ya duka la vioo. Nimeona wageni wakimpiga picha mama anayefagia mlangoni kwake bila hata kumtupia neno, na mi roho inaniuma kila nikiona. Ukisalimia, kinyume chake, mji wote unafunguka, utaelekezwa, utaambiwa hiyo nyumba ilikua ya nani, utakaribishwa chai. Na kina dada, leso moja ya kujitupia mabegani inatosha, hamna haja ya kujipa taabu.

Kifungua kinywa kula humohumo mitaani, mahamri na mbaazi za nazi, na chai ya tangawizi. Kula ushibe kwa sababu ngome inakuja.

Rudi na Ndia Kuu (ndio njia kuu, Kimvita tunasema ndia) ufike Fort Jesus saa mbili inapofunguliwa. Beba kitambulisho kwa sababu mwenyeji na mgeni hawalipi sawa, na uwe na pesa kwenye simu. Pale mlangoni kuna vijana watakaokuganda wakijiita waongoza watalii, wengine ni wazuri sana na wanaijua historia kuliko vitabu, lakini kubaliana bei kabla hamjapiga hatua ya kwanza. Wageni wangu wawili waliwahi kuongozwa na mtu aliyesema ni bure, walipomaliza akataka pesa nyingi na kelele juu, siku ikaingia doa.

Ndani jipe masaa mawili kamili. Wareno waliianza 1593 wakaimaliza 1596, mchoraji wa ramani akiwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na ukiiangalia kutoka juu imekaa kama mtu aliyelala chali. Kuta ni za mawe ya matumbawe, weka kiganja chako uone yale matundu madogomadogo ya mdudu wa baharini. Mambo yaliyopita humo ni mazito. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, zaidi ya miaka miwili na nusu, njaa na maradhi vikaua watu wengi kuliko risasi. Meli iliyokuja kuwaokoa Wareno, Santo António de Tanná, ilizama palepale mbele ya ngome 1697, na vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi karibu miaka mia tatu baadaye viko kwenye makumbusho humo ndani. Alafu Waingereza wakaigeuza jela toka 1895 hadi 1958. UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa dunia 2011.

Lakini kitu ninachokipenda mi kuliko vyote ni ule ukuta wenye michoro ya askari wa Kireno. Walichora kwa makaa na udongo mwekundu, meli, samaki, watu, hata kinyonga. Hakuna mfalme hapo, ni vijana waliokua mbali na kwao wanapoteza muda zamu zikiwa ndefu. Mtoto wa dada yangu wa miaka saba alisimama pale akaniuliza, "Mjomba, huyu alikua amekumbuka kwao?" Usipite haraka hapo.

Ukitoka ni kama saa nne na jua limeanza kuuma. Hapa katiza vichochoro vya Kibokoni, huko kivuli kinakaa muda mrefu maana majumba yamebanana, utokee Biashara Street. Hii ndio mitaa ya leso. Usinunue ya kwanza. Fungua leso yote uangalie pindo lake, mji wake yani ile sehemu ya katikati, na zaidi ya yote soma jina lake, yani yale maneno yaliyoandikwa, maana ukimpelekea mama mkwe leso ambayo hujaisoma unaweza kuzua ugomvi wa mwaka mzima. Zinauzwa mbili mbili, na fundi anazikata na kuzipiga charahani hapohapo nje. Toka hapo mpaka Marikiti ni karibu, nunua iliki, mdalasini, pilipili manga, onja mabuyu na achari.

Saa sita acha. Sema umefika mwisho, tafuta mahali penye feni ule wali wa nazi na samaki wa kupaka, upumzike mpaka saa tisa na nusu au saa kumi. Najua wenye siku moja tu wanaona ni kupoteza muda, lakini maduka mengi nayo yanafunga mchana watu waende kuswali na kula, hivo hata ukizunguka utazungukia milango iliyofungwa. Ijumaa ndio kabisa. Na mwezi wa Ramadhani geuza mambo yote, mchana pumzika, Mji wa Kale uende baada ya futari.

Pembe za Moi Avenue, yale matao ya pembe kubwa za ndovu juu ya barabara, pitia ukiwa njiani, piga picha, endelea. Ni za bati la aluminiamu, watu wengi hudhani ni pembe za kweli. Dakika tano zinatosha.

Jioni yote ipe Mama Ngina. Ukichoka panda tuktuk, hakuna anayekupa medali kwa kutembea. Pale kuna upepo wa bahari, mibuyu mikubwa, mihogo ya kukaanga ya ndimu na pilipili, na madafu (uliza bei kabla halijakatwa kichwa). Tafuta ukuta ukae ukiangalia mlango wa bahari wa Kilindini. Meli za makontena zinapita pale karibu sana, ile chuma kubwa inakuja kimyakimya mpaka unaona watu waliosimama juu, na watoto wote wanainuka kupunga mikono. Shangazi yangu alirudi mwaka uliofuata nikampeleka kwa ratiba hii. Saa kumi na mbili jioni mzee wa kahawa akapita na dele lake akigonganisha vikombe, tukanywa kahawa tungu na kashata, shangazi akawa anaongea bila kituo.

Kama miguu bado ina nguvu shuka mpaka Likoni uvuke na feri, kwa mtembea kwa miguu ni bure, nenda na urudi humohumo. Ila kuanzia saa kumi na moja watu wanaotoka kazini wanajaa sana, kwa hivo shika mkono wa mtoto, simu weka mfuko wa mbele, na subiri msukumano upungue ndio uingie.